Jedwali la oda ni tupu usiku, asubuhi limejaa (Swift, UITableView)

mwana_wa_katuba

Habari zenu. Naandika kutoka Lubumbashi, komini ya Katuba. Hii ni wiki ya pili sipati usingizi kwa ajili ya jedwali moja.

Mjomba wangu ana tanuri la mikate, bulanjeri kama tunavyosema huku. Mama wauzaji huagiza mchana na jioni kwa ajili ya kesho yake: huyu mikate 60, yule 120, mwingine 40. Zamani karani aliandika kwenye daftari. Daftari likalowa mafuta, kurasa zikagandana, na kila alfajiri ugomvi wa nani aliagiza nini. Ndipo nikatengeneza programu ya iPad kwa lugha ya Swift. Karani anaingiza oda kwa simu yake na kuchagua siku ya kuchukua. Oda inakwenda kwenye seva. iPad imefungwa ukutani karibu na mashine ya kukandia, ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu ya vumbi la unga, nayo inaonyesha oda za leo: jina, idadi, amelipa au bado. Mama akija, mwokaji anagusa mstari wake, oda inahesabika imechukuliwa, inatoka kwenye orodha. Ni UITableView moja (jedwali la mistari la iPad), seksheni moja, basi.

Mchana hakuna shida. Usiku ndiyo balaa. Waokaji wanaanza kukanda kama saa sita na nusu usiku, na wanasema saa hiyo jedwali ni jeupe kabisa. Mkuu wa zamu, papa mmoja (mzee, kwa lugha ya huku) ambaye sote tunamwita Mukubwa, amenipigia mara tatu. Mimi nikifika saa kumi na mbili asubuhi nakuta orodha imejaa, majina yote yapo. Mara ya kwanza nilimwambia labda hakugusa vizuri. Nasikitika kwamba nilimjibu hivyo mtu aliyeoka mikate kabla mimi sijazaliwa.

Usiku wa kuamkia Alhamisi iliyopita wakakosa orodha tena, wakakadiria, wakakanda mifuko miwili ya ngano badala ya mitatu. Alfajiri mama wanane walirudi na mabeseni matupu. Mmoja anauza pembeni ya soko la Kenya, komini ya hapa hapa Lubumbashi. Asipofika pale kabla ya saa kumi na mbili, wateja wake wanakuwa wamekwisha nunua kwa mwingine. Siku yake nzima ilikufa kwa sababu ya kazi yangu.

Nimekagua niliyoyajua. dataSource (kinacholipa jedwali data) imeunganishwa, jina la seli, yaani mstari mmoja wa jedwali, ni lile lile kwenye Storyboard (mchoro wa skrini) na kwenye msimbo. Niliwaza ni intaneti, maana umeme ukikatika usiku ruta inazimika mpaka jenereta iwashwe. Nikanunua betri ndogo ya ruta kwa pesa yangu. Hali ni ile ile. Kwenye simuleta (iPad ya kuigiza ndani ya kompyuta) nyumbani sijawahi kuona jedwali tupu hata mara moja.

Msimbo wa kupakia ni huu:

```
func pakia() {
    mteja.letaOda { zote in
        DispatchQueue.main.async {
            let leo = self.sikuYaLeo()
            self.oda = zote.filter {
                $0.siku == leo && !$0.imechukuliwa
            }
            self.tableView.reloadData()
        }
    }
}
```

Mwenye jicho anisaidie. Nakubali kuulizwa swali lolote.

fundi_wa_bukavu

Jambo dada. Kabla ya kugusa kitu, tujue kwanza utupu unaanzia wapi, maana jedwali tupu lina sura moja na sababu nyingi.

Weka print (amri ya kuchapisha) ndani ya `numberOfRowsInSection`, ile kazi inayoliambia jedwali lina mistari mingapi. Isipochapisha chochote, basi jedwali halijui limuulize nani: dataSource ni nil (haipo), au ni jedwali jingine kabisa na si lile unaloliona. Ikichapisha namba kubwa lakini `cellForRowAt`, inayotengeneza kila mstari, haiitwi, angalia urefu wa jedwali lenyewe. Nilishawahi kupoteza siku mbili kwa jedwali lenye urefu wa sifuri. Data yote ilikuwepo, nafasi ya kuichorea haikuwepo. Ikichapisha 0, liache jedwali, halina kosa. Limeletewa sahani tupu. Hapo unarudi nyuma jikoni.

`DispatchQueue.main.async`, inayorudisha kazi kwenye foleni kuu ya skrini, umeiweka mahali pake, hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba unachuja, pale kwenye `filter`. Chapisha namba mbili: oda ngapi zimetoka kwenye seva, na ngapi zimebaki baada ya kuchuja. Uzichapishe pamoja na saa. Na uzichapishe usiku, pale pale tanurini. Ukipima mchana utapata majibu ya mchana.

kijana_ruashi

Yaya, dada yangu, mimi bado naona ni mtandao. Huku kwetu Ruashi pia usiku mkubwa unaweza kukaa nusu saa ukurasa haufunguki. Ukiwa pale, fungua ukurasa wowote kwenye Safari ya iPad hiyo hiyo. Ukifunguka, nitanyamaza.

mwana_wa_katuba

Nimelala tanurini jana. Kusema kweli sikulala, nilikaa juu ya mfuko wa ngano na kompyuta mapajani, waya umeingia kwenye iPad, joto la tanuri mgongoni.

@kijana_ruashi, saa saba kasoro dakika ishirini nilifungua kurasa mbili, zote zikafunguka haraka. Asante, umeniondolea jambo moja kichwani.

@fundi_wa_bukavu, haya ndiyo niliyochapisha. Seva inaleta oda za siku mbili, jana na leo, ndiyo maana jumla ni kubwa:

```
00:31  zote 58  zilizobaki 1
00:50  zote 58  zilizobaki 1
01:27  zote 58  zilizobaki 1
01:59  zote 58  zilizobaki 1
02:00  zote 58  zilizobaki 27
```

Yaani data imefika tangu mwanzo. Kichujio changu ndicho kinachoitupa. Saa nane kamili, sikugusa kitu, nilivuta tu jedwali chini kama nilivyokuwa nikilivuta usiku kucha, na mistari 27 ikashuka mara moja. Mukubwa alikuwa nyuma yangu, mikono imejaa unga mpaka viwikoni. Akasema, "Unaona? Kila siku ni saa hii hii." Alikuwa amelijua hilo muda wote. Sikumuuliza.

Na kuna huo mstari mmoja. Usiku mwingine jedwali huwa jeupe, ila jana kulikuwa na mstari mmoja tu, mikate 40, kwa jina la mama fulani. Nikamuuliza Mukubwa. Akasema huyo mama hakufika jana, alifiwa, mikate yake ililiwa na wafanyakazi. Ilipogonga saa nane, mstari wake ukatoweka na wale 27 wakaja.

Sielewi kwa nini oda ya jana inaonekana kama ya leo, halafu ya leo haionekani.

mlushi_kinshasa

Mwanangu, mimi ni mtu wa Kamalondo, huko huko Lubumbashi, ila kazi imeniweka Kinshasa miaka mingi. Swali lako nimelisoma mara mbili, na huo mstari mmoja wa mama aliyefiwa ndio ulionionyesha njia.

Tazama. Ingekuwa kichujio kimeharibika tu, usingepata mstari hata mmoja. Umepata mmoja, nao ni wa jana, na ndio pekee wa jana ambao haukuchukuliwa. Maana yake kichujio kinafanya kazi yake sawasawa: kinaleta oda za siku fulani ambazo hazijachukuliwa. Shida ni kwamba siku kinayoitafuta ni jana. Oda za jana zote zimeshachukuliwa, basi jedwali linabaki jeupe. Mama mmoja asipokuja, anabaki peke yake pale.

Sasa, kwa nini iPad iamini kwamba bado ni jana mpaka saa nane za usiku? Kutoka saa sita mpaka saa nane ni masaa mawili. Lubumbashi iko mbele ya GMT, saa ya msingi ya dunia, kwa masaa mawili. Hilo halijatokea kwa bahati.

Nionyeshe `sikuYaLeo()`. Uliificha, nadhani kwa sababu uliiona ni kitu kidogo.

mwana_wa_katuba

Papa, nimeshika kichwa. Hii hapa:

```
func sikuYaLeo() -> String {
    let f = ISO8601DateFormatter()
    f.formatOptions = [.withFullDate]
    return f.string(from: Date())
}
```

Na kwenye simu ya karani, upande wa kuandika oda, nilitumia `DateFormatter` ya kawaida (formata, kigeuza tarehe kuwa maandishi) yenye `yyyy-MM-dd`. Niliziandika kwa miezi tofauti. Zote mbili zinatoa maandishi ya sura moja, tarakimu nne, mbili, mbili. Sikuwahi kuwaza kwamba zinaweza kutoa tarehe mbili tofauti kwa dakika ile ile.

mlushi_kinshasa

Ndiyo hiyo. `ISO8601DateFormatter` usipoiambia kitu, inahesabu kwa GMT. `DateFormatter` usipoiambia kitu, inafuata majira ya simu yenyewe, yaani saa za eneo iliyowekewa. Karani wako anaandika tarehe ya Lubumbashi, ukuta wako unasoma tarehe ya GMT. Masaa ishirini na mawili kwa siku wanakubaliana. Masaa mawili hawakubaliani, na ndiyo hayo waokaji wanayahitaji kuliko yote.

Ungekuwa huku Kinshasa ungeona utupu kuanzia saa sita hadi saa saba tu, kwa kuwa sisi tuko GMT+1, na pengine usingeugundua kamwe. Nchi yetu ina majira mawili. Lubumbashi, Mbuji-Mayi, Kisangani, Goma na Bukavu mko pamoja, GMT+2. Sisi wa magharibi tuko saa moja nyuma yenu. Kila nikipiga simu nyumbani mama yangu ananiuliza kama nimekula, na huku hata sufuria haijawekwa motoni. Ni jambo tunaloishi nalo kila siku kwa mdomo, halafu tunakaa mbele ya kompyuta tunalisahau.

Simuleta yako haikuona kitu kwa sababu unajaribu mchana. Kosa la namna hii halina haja ya simu nyingine wala mtandao mwingine, linahitaji saa nyingine tu.

Dawa: kazi moja tu ya kutoa tarehe, itumike pande zote mbili, na itaje majira waziwazi:

```
f.locale = Locale(identifier: "en_US_POSIX")
f.timeZone = TimeZone(identifier: "Africa/Lubumbashi")
f.dateFormat = "yyyy-MM-dd"
```

Jina hilo `Africa/Lubumbashi` lipo kweli kwenye orodha ya majira ya dunia, sijalitunga. Huo mstari wa locale (lugha na desturi za eneo) unazuia mpangilio wa simu ya mtu kuingilia tarehe. Na `yyyy` ziwe herufi ndogo. Ukiandika `YYYY` unapata mwaka unaohesabiwa kwa majuma, na siku za mwisho za Desemba zinaweza kuruka mwaka mzima mbele. Hapo utaniamsha usiku wa mwaka mpya.

fundi_wa_bukavu

Papa amemaliza kazi. Naongeza moja tu ambalo naliona sana hapa mezani kwangu Kadutu.

Simu na tableti nyingi zinatufikia zikiwa zimetumika kwingine. Mtu ananunua iPad iliyokuja na majira ya Dubai, anaona saa iko mbele masaa mawili, na badala ya kubadili eneo anasogeza mishale kwa mkono mpaka saa ifanane na ya jirani. Machoni saa ni sahihi. Ndani ya mashine, `Date()` sasa imekosea kwa masaa mawili, na hakuna formata itakayoiponya, hata ukiitajia Lubumbashi. Dada, nenda kwenye mipangilio ya iPad ile na ya simu ya karani, hakikisha saa inajiweka yenyewe na eneo ni sahihi.

Kama huwezi kuwaamini watumiaji kwa hilo, chukua saa kwa seva. Kwa kawaida kila jibu la seva linakuja na kichwa cha `Date`, mstari wa maelezo wenye saa ya seva, kilichoandikwa kwa GMT. Kisome hicho.

binti_mvita

Salaam kutoka Mombasa. Nimefuata mazungumzo haya kimya kimya, na kosa nimelielewa, lakini nina swali kwa dada wa Katuba: kwa mwokaji, siku inaanza lini?

Mmetengeneza ili orodha ijae saa sita usiku. Sawa. Lakini hamira haisubiri saa sita. Hapo kwenu wanaanza kukanda saa sita na nusu. Siku ya sikukuu oda zikiwa nyingi, si wataanza saa tatu? Saa tatu hiyo watakuta orodha tupu tena, na safari hii programu itakuwa inasema kweli, maana kalenda bado ni ya jana. Atakayepigiwa simu ni wewe.

Kwetu wazee huhesabu siku kuanzia jua linapozama. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, na ndiyo maana saa ya kwanza ya usiku ni saa moja jioni, wala si baada ya saa sita. Hata wewe umeandika hapo juu "usiku wa kuamkia Alhamisi". Umeuita usiku kwa jina la siku inayokuja. Waokaji wako wanaishi kwenye hesabu hiyo. Mkate unaokandwa Jumatano usiku ni mkate wa Alhamisi tangu unga ulipotoka mfukoni.

Basi ifundishe programu hesabu hiyo. Siku ya zamu ianze saa kumi na mbili jioni. Ni rahisi: chukua saa ya sasa, ongeza masaa sita, halafu ndipo utoe tarehe. Saa kumi na mbili jioni ukiongeza sita inakuwa saa sita usiku, tarehe imegeuka. Saa nane usiku ukiongeza sita ni saa mbili asubuhi, tarehe ni ile ile. Hakuna kinachovunjika.

Jambo jingine, huyo mama aliyefiwa. Tarehe ikigeuka, mstari wake unapotea na deni lake linapotea nalo. Mpe seksheni ya pili chini ya jedwali, ya wasiofika, akae hapo mpaka mtu amguse.

kijana_ruashi

Nanyamaza kama nilivyoahidi. Lakini yaya, ukimaliza utuwekee msimbo wa mwisho, mimi nina duka la dawa linalofungua usiku na jedwali linalofanana na lako.

mwana_wa_katuba

Nimerudi na majibu, na shukrani zangu ni kwenu wote mmoja mmoja.

Swali la @binti_mvita nililipeleka kwa Mukubwa kama lilivyo, safari hii nikauliza kabla ya kuandika. Nikamwambia, mkate wa kesho unaanza kuwa wa kesho saa ngapi? Hakufikiri hata kidogo. Akasema, "Karani akifunga meza." Karani anafunga saa kumi na mbili jioni. Ikawa hivyo.

iPad nimeikagua pia, @fundi_wa_bukavu. Haikuwa ya Dubai lakini eneo lilikuwa Johannesburg, masaa mawili vilevile, ndiyo maana hakuna aliyeona. Simu ya karani ilikuwa imesogezwa mbele kwa mkono, dakika kumi na moja, ili asichelewe kazini. Nimeirudisha, na saa nimeanza kuisoma kwenye kichwa cha `Date` cha seva.

Msimbo wa mwisho, sasa upo mahali pamoja tu:

```
func sikuYaZamu(_ sasa: Date) -> String {
    let f = DateFormatter()
    f.calendar = Calendar(identifier: .gregorian)
    f.locale = Locale(identifier: "en_US_POSIX")
    f.timeZone = TimeZone(identifier: "Africa/Lubumbashi")
    f.dateFormat = "yyyy-MM-dd"
    return f.string(from: sasa.addingTimeInterval(6 * 3600))
}
```

Mtaona saa naipokea kutoka nje, siiti `Date()` ndani. Nilifanya hivyo ili niweze kujaribu mchana. Nimeandika majaribio matatu: 17:59, 18:00 na 01:59. Lile la 01:59 nililijaribu kwanza kwa msimbo wa zamani, likaanguka, nikaona kwa macho yangu, saa nne asubuhi, kile ambacho waokaji walikuwa wakikiona kila usiku. Wiki mbili sikuweza kukiona, kisha sekunde moja. @kijana_ruashi, kwa duka lako la dawa badili masaa sita yawe yanayokufaa, lakini muulize kwanza anayekaa pale usiku.

Upande wa karani sikuongeza masaa, maana yeye anachagua siku ya kuchukua mwenyewe. Nimemwekea tu majira yale yale.

Halafu kuna kitu ambacho hamkuniambia lakini kimenitoka moyoni. Usiku ule walipokanda mifuko miwili, waliangalia jedwali jeupe wakadhani oda ni chache. Jeupe la hakuna oda na jeupe la kosa yalikuwa na rangi moja. Sasa nyuma ya jedwali, kwenye `backgroundView`, nimeweka maandishi. Seva ikijibu na hakuna oda, inasema "Hakuna oda za zamu hii". Seva isipojibu, inasema "Orodha haijafika, usikadirie, piga simu", na namba yangu iko chini yake. Na juu ya jedwali muda wote kuna hesabu mbili, oda zilizofika na oda zinazoonekana, zile zile nilizokuwa nikizichapisha kwenye kompyuta nikiwa juu ya mfuko wa ngano. Mukubwa amezoea kuzisoma.

Mama aliyefiwa amepata seksheni yake. Alikuja juzi, akalipa ile mikate 40 ingawa mjomba alimwambia aache.

Jana saa saba kasorobo usiku simu ikalia, ni Mukubwa. Niliruka kitandani. Akasema oda 31 zimeonekana tangu saa kumi na mbili jioni, mifuko mitatu inakandwa, hana shida yoyote na jedwali. Ila herufi ni ndogo, na akiwa kwenye mashine hawezi kusogea kusoma, mikono ina donge. Anataka jina na idadi vionekane kutoka hatua nne. Nimeshabadilisha ukubwa wa herufi hadi alama 34, na urefu wa seli nimeuacha ujipange wenyewe. Leo jioni nakwenda kusimama pale kwenye mashine nione kama vinasomeka.